Shirati Jazz nao wahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya bendi kongwe za dansi, kwakweli nimeisoma kwa raha mpaka chai ikapoa. Morogoro Jazz wapo, Tabora Jazz wapo, Nuta wapo, Jamhuri ya Tanga wapo, nikawa nafungua kurasa nasubiri na sisi watu wa ziwani tufikiwe, nikajikuta niko kwenye matangazo ya viwanja. Hamna. Yaani kuanzia huku Mwanza mpaka kule Sirari hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kushika gitaa?

Mimi ni fundi redio hapa Kirumba, sio mwandishi, mnisamehe nikichanganya. Lakini Shirati Jazz siwezi kuinyamazia.

Kwa wasiojua, Shirati iko Mara, wilaya ya Rorya, wengi wanaijua kwa ile hospitali ya misheni basi. Huko ndiko alikozaliwa Daniel Owino Misiani, mwenye bendi hiyo, kijiji cha Nyamagongo, mwaka 1940, yaani Mtanganyika kabisa. Wazazi wake walikuwa waimbaji lakini watu wa dini, hawakutaka kijana wao aingie kwenye muziki wa kidunia, akaingia hivyo hivyo. Miaka ya 60 akavuka kwenda Kenya kwa sababu studio na kampuni za santuri zilikuwa huko, na hili msilione kama usaliti, maana hata bendi zetu za huku zilikuwa zinafunga safari mpaka Nairobi kurekodi. Bendi yake ikabadilisha majina weee, mwisho ikatulia kwenye Shirati Jazz. Angeweza kuiita jina la mji wowote wa Kenya alikokuwa anakula na kulala, akaiita kwao. (Hiyo jazz nayo ni jina tu, enzi hizo kila bendi ilikuwa jazz, wala usitafute tarumbeta za Wamarekani humo.)

Walichokuwa wanapiga ni benga. Msingi wake nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, wazee walichukua ule udonoaji wa nyatiti wakauhamishia kwenye gitaa. Ukisikiliza vizuri utasikia gitaa la solo haimsindikizi mwimbaji tu, inamjibu, akimaliza mstari gitaa nalo linausema upya kwa namna yake, halafu besi haitulii inakimbia kimbia huko chini kama mtoto katumwa dukani, kisha sauti zinanyamaza na magitaa yanapanda yenyewe. Hapo kwenye chemko ndipo baba mdogo wangu alikuwa anaweka kikombe chini.

Baba mdogo wangu alikuwa anafanya kazi kwenye MV Victoria, enzi zile za Jumuiya ya Afrika Mashariki meli inazunguka ziwa lote, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba mpaka Port Bell. Kila ikitia nanga Kisumu anarudi na santuri, zile ndogo za 45 zenye tundu kubwa katikati. Kile kiplastiki cha kuziba tundu kilipopotea akakata duara kwenye soli ya kandambili, akatoboa katikati, santuri ikakaa barabara. Na ikianza kuruka anabandika shilingi ile yenye sura ya Mwalimu juu ya mkono wa sindano ili uwe mzito kidogo. Ndio ufundi wangu ulipoanzia hapo, sikusomea popote.

1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa mpaka 1983, na meli ikawa haiendi tena Kisumu. Santuri zikawa zinaingia usiku kwa mitumbwi pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia, bei ikapanda, baba mdogo akawa anazifunga kwenye shuka kama mayai. Mimi nilikuwa mdogo ila nakumbuka tulikatazwa kupiga kwa sauti kubwa, sijui aliogopa nini hasa, mgambo au majirani wanaoazima.

Sasa mniambie, Mbaraka Mwinshehe amefia wapi? Kenya, kwa ajali ya gari, Januari 1979. Kuna anayesema Mbaraka ni wa Kenya? Misiani naye kafia Kenya kwa ajali ya gari, Kisumu, Mei 2006, lakini yeye eti Mkenya. Remmy Ongala kazaliwa Kindu, Kongo, na tunamhesabu wetu na ni sawa kabisa wala sina ugomvi. Ndugu kina Kinyonga wametoka Tanga wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika hukohuko Nairobi mwaka 1971 na watu wa Tanga wanawadai mpaka leo. Tofauti iko wapi? Mimi naiona moja tu, wenzake waliimba Kiswahili, yeye aliimba Kijaluo. Redio ya taifa ilikuwa ya Kiswahili, nyimbo za dansi za lugha za kikabila hazikupewa nafasi kubwa, na nchi changa ile ilikuwa inajijenga kwa lugha moja, sababu naielewa. Ila matokeo yake ndio haya, mtu ambaye hakupigwa redioni wakati ule leo haandikwi gazetini.

Na msiseme lugha inatuzuia. Mimi ni Mjita, Kijaluo changu ni cha sokoni tu, cha kupatana bei ya sangara. Maneno nilikuwa naelezwa na shemeji yangu wa huko Shirati, anasikiliza mstari, anacheka peke yake, ndio anakutafsiria wakati wewe umeshapitwa na mbili. Ndio nikajua kumbe Misiani alikuwa anawasema wanasiasa kwa mafumbo ya wanyama na ya Biblia, Wakenya walimkamata zaidi ya mara moja kwa hizo nyimbo na kuna wakati walimrudisha huku kwa lazima. Watu wakamwita Mfalme wa Historia. Yaani serikali ya jirani ilimsikiliza kwa makini kuliko sisi ndugu zake.

Nje wanamjua. 1989 huko Uingereza zilitoka albamu mbili za Shirati Jazz. Na benga yenyewe ilifika mpaka Zimbabwe, kule wakaiita kanindo kwa jina la yule mfanyabiashara wa santuri Phares Oluoch Kanindo, na wapiga magitaa wa muziki wao unaoitwa sungura wamechota humo. Zimbabwe, Mhariri! Hapa Mwanza nilipiga simu kwenye kipindi cha zilipendwa cha redio moja, nikaomba Shirati Jazz, kijana akaniambia mzee hiyo hatuna labda jaribu redio za Kenya, akanipigia taarabu.

Ninachoomba ni kidogo. Mkirudia hiyo makala mtume mwandishi apande basi la Musoma, aunganishe mpaka Rorya akaongee na wazee wangali hai, maana waliomsikia akianza anza sasa ni watu wa miaka themanini na kitu. Na stesheni za huku ziwe nazo hata nyimbo tatu tu kwenye kompyuta, mimi nitawapa bure kwenye flashi, nimeshazihamisha.

Katika santuri za baba mdogo nimebakiwa na kumi na moja, mbili zimepinda kwa jua la dirishani na moja mtoto aliichora kwa msumari ila upande wa pili bado unasikika safi. Shida yangu sasa ni sindano, niliyonayo imekwisha, sauti zinaanza kukwaruza. Kama kuna msomaji ana gramafoni bovu limekaa stoo asilitupe, aniletee hapa Kirumba karibu na mwalo wa dagaa, aulize fundi wa benga ataonyeshwa.

Fundi redio,
Kirumba, Mwanza