Wanachokataa kukuonyesha: barua kwa mwanangu kuhusu filamu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama yako anakusalimu na anauliza kama unalala vizuri siku hizi.

Umeniuliza filamu zipi za miaka ya karibuni ningekushauri uzitazame, na kabla sijafungua mdomo ukanitangulia kwa kusema kwamba mimi hakuna kinachonipendeza. Unanisingizia. Vinavyonipendeza vipo, tena vingi. Tatizo ni kwamba nikianza kuvieleza wewe unakuwa umeshashika simu. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Sizipangi kwa namba. Nitakuambia tu kinachozifunga pamoja, maana nilipokaa kuzikumbuka nimeona karibu zote zina tabia moja: kuna jambo kubwa ambalo mwongozaji amekataa kukuonyesha. Analijua, amelisogelea hadi karibu kabisa, kisha akageuza kamera upande mwingine. Filamu inayonieleza kila kitu huwa nimeisahau kabla sijavaa viatu. Ile iliyoninyima ndiyo ninayolala nayo.

Chukua *The Zone of Interest* ya Jonathan Glazer, ya mwaka 2023. Ni familia ya Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz, inayoishi katika nyumba nzuri iliyopakana na ukuta wa kambi yenyewe. Kuna bustani, kuna kidimbwi cha watoto kuogelea, kuna mama mwenye nyumba anayejivunia maua yake. Mauaji hatuyaoni. Tunayasikia: risasi, mayowe, mngurumo usiokatika nyuma ya ukuta, huku watoto wakicheza. Sauti hiyo iliipatia Oscar ya sauti mwaka 2024, pamoja na ile ya filamu bora ya kimataifa, na ni haki yake. Macho yanatazama filamu moja, masikio yanatazama nyingine, na wewe uliye katikati hupati pa kukimbilia. Glazer alitega kamera ndani ya nyumba na kuwaacha waigizaji watembee vyumbani bila mafundi kuwasimamia usoni, ndiyo maana unajihisi kama unawachungulia watu.

Mwangalie hasa yule bibi. Mama mzazi wa mke wa Höss anakuja kutembea, anaisifu nyumba, anafurahi kuona binti yake amefika mbali. Usiku anaona mwanga wa moto dirishani. Asubuhi hayupo. Ameacha barua. Binti anaisoma, anaitupa motoni, basi. Hatuambiwi imeandikwa nini hata neno moja. Ukimaliza kuitazama niandikie unadhani ilisema nini, halafu tulinganishe.

Mwigizaji wa mke huyo, Sandra Hüller, ndiye pia mhusika mkuu wa *Anatomy of a Fall* ya Justine Triet, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka huohuo wa 2023. Mwanamume ameanguka kutoka ghorofani na kufa. Alisukumwa au alijirusha? Mke anashtakiwa, na shahidi mkubwa ni mtoto wao mwenye uoni hafifu. Huko mahakamani inachezwa sauti ya ugomvi wa wanandoa hao, iliyorekodiwa kwa siri siku moja kabla ya kifo. Triet anaturudisha nyuma, jikoni, tunawaona wakizozana kuhusu kazi, mtoto, lugha, nani kamnyima nani muda. Maneno yanapanda. Pale tu mikono inapoanza, picha inakatika na tunarejeshwa mahakamani, tunasikia vishindo kama wanavyovisikia mahakimu. Kwa hiyo nani kampiga nani? Umekaa pale na watu wazima wenzako waliovaa majoho, na hujui zaidi yao. Mimi na mama yako tulitoka na hukumu mbili tofauti na mpaka leo hatujapatana. Mbwa, kwa taarifa yako, anaigiza vizuri kuliko binadamu wengi niliowaona mwaka ule.

Sasa najua utaniambia *Oppenheimer*, ya yule mwanasayansi aliyeongoza kutengeneza bomu la atomiki, maana ulinisumbua nayo. Sawa, na mimi ninayo, ila si kwa ule mlipuko uliokupagawisha. Tazama tena wanapoonyeshwa picha za yaliyowapata watu wa Hiroshima na Nagasaki. Christopher Nolan hazionyeshi. Anatuonyesha uso wa Oppenheimer akizitazama, halafu uso huo unainama. Kuna watu walimlaumu Nolan kwa hilo, wakasema wafu wa Japani wamefutwa, na hoja yao ina uzito. Usiipuuze kwa sababu tu filamu ilizoa Oscar 7. Mimi naona filamu imetuambia huyu ni mtu aliyeshindwa kutazama alichokifanya, na ingetuonyesha sisi tungekuwa tumemzidi ujasiri bure. Tubishane ukija.

*Parasite* ya Bong Joon-ho (2019) najua umeitazama, kila mtu ameitazama, ndiyo filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Sitakuchosha. Ila safari hii ifuatilie harufu. Filamu nzima inageuka kwa kitu ambacho sinema haiwezi kukupa hata ikitaka. Tajiri amejilaza na mkewe kwenye kochi, anaisema harufu ya dereva wake, na dereva yuko chini ya meza palepale, amelala chali, kimya, watoto wake wakisikia. Halafu mvua ile. Kwa familia ya dereva mvua imeingiza maji ya choo mpaka kifuani; kesho yake mke wa tajiri yuko kwenye gari akiishukuru kwenye simu kwa kusafisha hewa. Dereva anaendesha.

Nimefika kwenye ile niliyotaka kuifikia tangu mwanzo. *Aftersun*, mwaka 2022, filamu ndefu ya kwanza ya Charlotte Wells. Sophie ana miaka 11, yuko likizo Uturuki na baba yake, Calum, ambaye ndiyo kwanza anakaribia miaka 31. Wazazi wameshaachana. Ukiniuliza kinachotokea nitakwambia hakuna. Wanaogelea, wanapakana mafuta ya jua, wanalala, Sophie anarekodi na kikamera chao kidogo. Baba anacheka, baba anamfundisha namna ya kuuchomoa mkono mtu akimkamata. Baba huyo anabeba kitu kizito ambacho mtoto hakioni, na sisi pia tunakiona kwa kupita, mgongo wake tu, mlango uliofungwa nusu.

Kuna onyesho moja nimelirudia sana. Sophie anamwelekezea kamera na kumuuliza: ulipokuwa na miaka 11, ulidhani leo ungekuwa unafanya nini? Baba anagoma. Anamwambia aizime. Kamera inazimwa, na mazungumzo yanayofuata tunayatazama yakiakisiwa kwenye kioo cheusi cha televisheni ya chumbani: vivuli viwili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Hapo ndipo anaposimulia kwamba siku alipotimiza miaka 11 hakuna aliyekumbuka. Mwongozaji mwingine angetusogeza usoni, atupe machozi ya Paul Mescal, anayemwigiza Calum, yakiwa makubwa kama skrini, na pengine tungelia sote tukaenda zetu. Wells ametuacha na kioo. Tunamwona baba kama Sophie alivyoweza kumwona, na miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima wa umri wa baba yake wa wakati ule, anazirudia kanda hizo akitafuta alichokikosa. Hazina kitu. Kamera ilikuwa imezimwa.

Ukiitazama usinipigie simu usiku kuuliza kama na mimi niko vile. Siko vile. Lakini kuna mambo ya mwaka ule tuliohama ambayo ulikuwa mdogo mno kuyaona, na tulihakikisha huyaoni, na sioni sababu ya kukufungulia yote leo kwa kuwa tu umekua. Ukitaka kuuliza utauliza.

Baada ya hiyo utataka kupumua. Tazama *Flow* ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ya mwaka 2024. Paka mweusi, maji yanapanda kila mahali, na mashua iliyobeba kapibara (mnyama kama panya mkubwa), mbwa, lemuri na ndege aina ya karani tamba. Hakuna binadamu na hakuna neno hata moja linalosemwa. Nyumba za watu zipo, vitanda vipo, watu hawapo, na hakuna anayejisumbua kukueleza walikokwenda. Wameitengeneza kwa Blender, programu ya bure ambayo hata wewe unaweza kuipakua sasa hivi, na mwaka 2025 ikabeba Oscar ya katuni mbele ya kampuni zenye fedha za kumwaga. Sauti ni za wanyama wa kweli, ila ya kapibara haikuwafaa, wakamkopesha ya mtoto wa ngamia. Nilipolijua hilo nikaipenda zaidi.

*Perfect Days* ya Wim Wenders nayo ni pumziko, japo la aina nyingine. Mzee anasafisha vyoo vya umma Tokyo, kwa makini, na kioo kidogo cha kukagulia chini ya kingo. Siku inapita, anasikiliza kanda zake za kaseti, anasoma, analala. Unaanza kudhani ni filamu ya mtu aliyeridhika. Halafu dada yake anashuka kwenye gari lenye dereva, anamuuliza kama kweli anasafisha vyoo, anamtajia baba yao mgonjwa. Wanakumbatiana, gari linaondoka, mzee analia. Yaliyowatenga hatuelezwi. Koji Yakusho alipewa tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa nafasi hiyo na nadhani aliipata kwa maneno machache mno.

*Drive My Car* ya Ryusuke Hamaguchi (2021) inakaribia saa tatu, na majina ya mwanzo hayatokei mpaka umeshakaa kama dakika 40. Usiikimbize. Najua mchezo wenu wa kubonyeza kasi ya mara moja na nusu ili mmalize haraka. Kwa filamu hii ni sawa na kutoitazama. Mke anamwambia mumewe asubuhi kwamba jioni akirudi wana jambo la kuzungumza. Mume anaogopa, anazunguka na gari mpaka usiku. Akifika, mke amekufa. Saa mbili zote zinazofuata zinakaa juu ya jambo ambalo halikusemwa, huku sauti ya marehemu ikiendelea kusoma tamthilia ya Chekhov kwenye kaseti ya gari. Ukiikimbiza, ule ukimya ndani ya gari unakuwa pengo la kuruka, na ukimya ndio filamu.

Nyingine fupi, kidogo tu zaidi ya saa moja: *Dahomey* ya Mati Diop, iliyopata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2024. Vitu 26 vya ufalme wa zamani wa Dahomey ambavyo Wafaransa waliviteka mwaka 1892 vinarudishwa Benin mwaka 2021. Kimoja kinazungumza, kwa Kifoni, lugha ya huko Benin, kutoka ndani ya sanduku lake, skrini ikiwa giza tupu. Nilidhani ni mbwembwe. Kisha wanafunzi wa chuo kikuu wanaanza kubishana: 26 kati ya maelfu, ni heshima au ni dharau? Wanabishana vikali, hawakubaliani, na Diop hawapatanishi. Wewe unayependa mabishano utajikuta unainua mkono.

Na *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi: Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin anayekimbia ndoa, Denge na siasa zake. Utasema nimeipendelea kwa sababu ndiyo pekee hapa inayozungumza Kiswahili. Nimeipendelea. Kusikia Kiswahili kikitongoza na kupanga mapinduzi gizani, kwa picha nzuri kiasi kile, ni raha ambayo sitaiombea radhi. Hadithi imepunguzwa mno kuliko kitabu, kwa hiyo kisome kitabu pia.

*Everything Everywhere All at Once* uliyonipigia debe sijaiweka. Michelle Yeoh ni moto, na lile onyesho la mawe mawili juu ya jabali, hakuna sauti, maandishi tu, ningelichukua peke yake. Sehemu zake zilizobaki zinanipigia kelele sikioni mpaka nimeelewa, kisha zinaendelea.

Usianze na ya Glazer, na usiitazame siku uliyochoka. Anza na paka. *Aftersun* itazame peke yako, simu ikiwa chumba kingine. Ukishindwa kumaliza yoyote, usinifiche: niambie uliiachia wapi na kwa nini, hiyo itanifaa kuliko kuambiwa zote nzuri. Na uniletee za kwako, hata zile za majini na mapanga. Nitazitazama kwa kasi yake.

Mama yako anasema umjibu kuhusu usingizi.

Baba yako