Tegeta Kibaoni: itengwe ardhi kwanza, barabara ya juu ifuate

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makutano ya Tegeta Kibaoni, jijini Dar es Salaam, pale Barabara ya Bagamoyo inapopokea barabara itokayo Mbezi Mwisho kupitia Goba, Madale na Wazo. Kila foleni inapokaza, abiria ndani ya daladala husema kuwa dawa ya pale ni kujengewa barabara ya juu kama ya Tazara au ya Ubungo, na mimi sipingani nao. Hoja yangu ni kwamba barabara ya juu huanza na ardhi, miaka mingi kabla mkandarasi hajaleta greda lake, na kwa upande wa Tegeta miaka yenyewe ndiyo hii. Nimefanya kazi ya upimaji ardhi mpaka nilipostaafu, na sasa ni mkazi wa Wazo, kwa hiyo ninayoyaandika nayaona kwa macho mawili: ya mtu aliyewahi kuchimbia bikoni, yaani alama za mpaka wa ardhi, na ya mtu anayekaa kwenye foleni.

Anayetaka kuyaelewa makutano haya asimame pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku ya kazi. Daladala za kutoka Bunju na Boko zinashuka zikiwa zimejaza hadi mlangoni. Malori ya saruji yanateremka kutoka upande wa Wazo, mizigo imefunikwa turubai, breki zinalia. Bodaboda zinapenya panapopenyeka na pasipopenyeka. Wiki chache zilizopita niliwaona wanafunzi watano wa shule ya msingi wamekwama kwenye ukingo wa katikati ya barabara, wameshikana mikono, hadi konda mmoja alipotoa mkono dirishani akawazuilia magari ya nyuma, wakavuka mbio. Makutano yanayotegemea huruma ya konda yamekwisha kuzidiwa.

Yamezidiwa kwa sababu kazi yake imebadilika. Upanuzi wa Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge hadi Tegeta, kilomita 12.9, ulikamilika mwaka 2014 kwa msaada wa Japani, na kwa muda tulipumua. Wakati huo barabara ya Wazo na Goba kwa wengi wetu ilikuwa ni vumbi la kiangazi na tope la masika. Leo lami inatoka Tegeta Kibaoni hadi Mbezi Mwisho, kilomita zipatazo 20, na kutoka Mbezi unaendelea kwa lami kupitia Malamba Mawili na Kinyerezi hadi Banana, karibu na uwanja wa ndege. Kwa maneno mengine, Barabara ya Bagamoyo, Barabara ya Morogoro na Barabara ya Nyerere sasa zimeunganishwa na nusu duara inayozunguka nje ya Mwenge, Ubungo na Tazara, na ncha ya kaskazini ya nusu duara hiyo ni pale Kibaoni. Dereva anayetoka Bagamoyo kwenda Kibaha hana tena sababu ya kugusa Mwenge. Makutano yaliyopangwa kupokea gari la mtu anayerudi nyumbani Madale sasa yanapokea safari za mkoa mzima.

Sensa nazo zinaeleza jambo hilohilo kwa namna ambayo watu wengi hawakuitazama. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao milioni 2.5 mwaka 2002, milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Anayesoma hapo tu atadhani jiji limepunguza kasi ya kukua. Lakini atazame Mkoa wa Pwani, ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu milioni 1.1 na mwaka 2022 wakawa zaidi ya milioni mbili. Jiji halikupunguza kasi. Limevuka mpaka wake. Waliokosa kiwanja Mikocheni wakaenda Tegeta, waliokosa Tegeta wakaenda Bunju, na sasa watu wananunua Mapinga na Kerege na kuendelea hadi Bagamoyo. Wanalala Pwani, wanafanya kazi Dar es Salaam, na kila asubuhi wanateremka kwa barabara ileile kupita Kibaoni.

Yapo na mengine yanakuja. Barabara ya lami inayoambaa pwani kutoka Tanga kupitia Pangani, Saadani na Makurunge hadi Bagamoyo ni sehemu ya ushoroba unaoanzia Malindi nchini Kenya. Itakapopitika yote, basi au lori litokalo Mombasa au Tanga halitalazimika kuzungukia Segera na Chalinze, litashuka na bahari na kuingia Dar es Salaam kwa mlango wa Bunju na Tegeta. Wakati huohuo njia ya mabasi yaendayo haraka ya awamu ya nne inajengwa kutoka katikati ya jiji, kupitia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na Barabara ya Bagamoyo, kuja Tegeta. Mwendokasi ni jambo jema na nimelisubiri kwa hamu, ila mabasi yake yanahitaji njia mbili za katikati pamoja na vituo, na nafasi hiyo haishuki kutoka mbinguni. Kituo kikimwagiwa zege mahali ambapo kesho patahitajika nguzo ya barabara ya juu, tutavunja kitu kipya kwa fedha mpya.

Haya si mambo ya kufikirika. Barabara za juu za Ubungo, ambazo leo ni fahari yetu na zina jina la marehemu Balozi John Kijazi, ziliwekewa jiwe la msingi Machi 2017 na kufunguliwa Februari 2021. Wasomaji wako watakumbuka kuwa Novemba 2017, miezi minane baada ya jiwe la msingi, Rais Magufuli aliagiza kubomolewa kwa sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO pamoja na jengo la Wizara ya Maji, kwa kuwa yalikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara. Nilipoziona nondo zile zikining'inia nilijiuliza kama mtaalamu: ikiwa majengo ya Serikali yenyewe yaliota mahali pasipostahili kwenye makutano makubwa kuliko yote nchini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Tegeta atajuaje mpaka wake?

Tazara nako kuna fundisho, la namna nyingine. Daraja la Mfugale, lililofunguliwa Septemba 2018, linawapitisha juu wanaofuata Barabara ya Nyerere, na kwa anayekwenda uwanja wa ndege ni raha tupu. Wanaofuata Barabara ya Mandela kutoka bandarini kwenda Buguruni, na wote wanaotaka kukata kona, wamebaki chini wakisubiri taa. Silaumu waliolisanifu, walijenga kilichotoshea mahali palipokuwa pamekwisha kuzungukwa na majengo na reli. Nafasi ndiyo iliyoamua umbo. Nani ataamua umbo la Kibaoni, ikiwa tutasubiri hadi nafasi iishe?

Naomba nieleze hesabu yenyewe, kwa kuwa haihitaji uhandisi. Ili lori lipite chini ya daraja kwa usalama, inatakiwa nafasi ya takriban mita tano na nusu, na ukiongeza unene wa daraja lenyewe, barabara ya juu inakuwa kama mita saba kutoka chini. Kwa mwinuko wa asilimia tano, ambao lori lililosheheni saruji linauweza bila kurudi nyuma, unahitaji mita 140 za kupanda, na ukiweka mikunjo ya kuanzia na kumalizia mlima unafika mita 200 hivi kila upande. Hiyo ni kwa urefu. Kwa upana, kitanzi, yaani njia ya mviringo ya kumgeuza dereva, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kinahitaji nusu kipenyo cha kama mita 50, yaani mduara wa mita 100 katika pembe moja tu ya makutano. Hifadhi ya barabara kuu kwa sheria tuliyo nayo ni mita 60 kwa jumla. Mduara wa mita 100 hauingii katika utepe wa mita 60, hata ukiupima mara ngapi.

Hapo ndipo penye tatizo ambalo naona halizungumzwi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikihesabiwa kutoka katikati ya barabara. Wengi wanakumbuka rangi zilizofuata: X nyekundu kwa aliyekuwa ndani ya mita 22.5, ambaye hana chake, na X ya kijani kwa aliyeangukia katika zile mita 7.5 zilizoongezwa, ambaye anastahili fidia. Wapo walioishi na X ya kijani ukutani kwa miaka, hawawezi kukarabati, hawawezi kuuza, wala hawajalipwa. Kwa hiyo mwananchi wa leo amejifunza kitu kimoja, kwamba usalama unaanzia mita ya 31. Ni sahihi kwa barabara iliyonyooka. Kwenye makutano yatakayohitaji vitanzi si sahihi, lakini hakuna aliyemwambia.

Mwezi uliopita nilimkuta fundi anajenga safu ya fremu sita za maduka, si mbali na makutano, hatua moja nyuma ya bikoni. Kwa mazoea ya kazi yangu ya zamani nikamuuliza kama mwenye kiwanja anajua anakojenga. Akanijibu kwa heshima zote: "Mzee, hapa nimepima mwenyewe kwa futi kamba, thelathini na moja na nusu." Mwenye mali ana hati, ana kibali cha ujenzi, na amefuata sheria kuliko wengi wetu. Siku ramani ya barabara ya juu itakapotoka, fremu zile zitakuwa na wapangaji, mashine ya kusaga na pengine duka la dawa. Mthamini atakuja kuzihesabu kwa bei ya biashara, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kiwanja ambacho leo kingelipwa kama kiwanja kitalipwa kama maduka sita.

Ninachopendekeza, basi, ni kwamba usanifu wa awali wa makutano haya ufanywe sasa, hata kama fedha za kujenga hazitapatikana kwa miaka kumi. Usanifu wa awali haugharimu nguzo wala zege. Unahitaji wahandisi wachache, wapimaji wachache na hesabu ya magari na ya waenda kwa miguu, wale watoto watano wakiwemo. TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara kuu, wakiwa na mchoro huo mkononi, wakae na wanaojenga njia ya mwendokasi, na TARURA wenye barabara za mitaa, na watu wa mipango miji wa manispaa, ili eneo la vitanzi liingizwe kwenye ramani na lichimbiwe bikoni zake. Kisha mchoro ubandikwe katika ofisi za serikali za mitaa zinazohusika, kwa Kiswahili, kwa mizani ambayo mtu anaweza kuweka kidole akasema, "Kwangu ni hapa."

Najua jibu la maofisini: mchoro ukitangazwa mapema, madalali watanunua ardhi na kusimamisha vibanda usiku kwa usiku ili walipwe. Ni hofu ya kweli, lakini nina uzoefu wa kutosha kujua kuwa dalali huwa ameshauona mchoro kabla ya mwenye shamba. Usiri haumzuii yeye, unamzuia yule fundi na futi kamba yake. Dawa ya vibanda ni kupiga picha za anga na kuorodhesha kila kilichopo siku ya kutangaza, ili kitakachoota baada ya hapo kisihesabiwe.

Hofu yangu ni nyingine, na ndiyo ningependa Serikali iijibu. Kutenga ardhi ya mtu kwenye karatasi na kumzuia kujenga bila kumlipa ni kumrudisha kwenye ile X ya kijani. Kwa hiyo zuio la vibali liwe na muda unaojulikana, miaka mitatu kwa mfano, na muda huo ukiisha bila fidia, mwenye kiwanja awe huru na kiwanja chake. Tena waanze kulipwa wenye viwanja vitupu, maana hao ndio wanaogharimu kidogo leo na ndio watakaogharimu sana kesho. Viwanja vitupu vilivyobaki kuzunguka Kibaoni unaweza kuvihesabu ukiwa umekaa kwenye daladala, na mimi hufanya hivyo.

Jumatatu iliyopita nilipita tena pale kwenye zile fremu sita. Zilikuwa zimefika kwenye linta.

Mpima ardhi mstaafu,
Wazo, Dar es Salaam