Uzi ulinunuliwa, ila kondoo hawakuwa wetu

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wafugaji wa kondoo wa Nyandarua, Molo na Laikipia, na viongozi wa ushirika kama bado wapo, manake kuna pesa nimeiona huku Marekani na sioni mtu akiwaambia.

Mimi nakaa Maryland na kazi yangu ya pembeni ni kutia rangi uzi wa sufu kwa mkono, hapa nyumbani, kwa sufuria kubwa za kupikia watu wa harusi. Mwaka huu ndio mara ya kwanza nikakubaliwa kuuza kwenye tamasha la sufu, dogo tu, la huko Pennsylvania, si yale makubwa kama la Maryland linalofanyika wikendi ya kwanza ya Mei pale Howard County Fairgrounds au lile la Rhinebeck, New York, la mwezi wa Oktoba, ambapo watu wanafuma sweta miezi na miezi ili waivae siku hiyo moja. Kwa mtu aliyekua akijua sweta ni ya shule na ya baridi ya Julai, kuona watu wazima wanasimamishana njiani kuulizana hiyo umefuma na uzi gani ni sinema ya bure.

Biashara ilienda vizuri. Shada la gramu 100, mita karibu 400 za uzi mwembamba wa soksi, nilikuwa nauza dola 28 na hakuna aliyeniambia nipunguze, wanashika, wanaweka shingoni wasikie kama unawasha, wananusa pia (ndio, wananusa, sufu iliyopikwa na siki ina harufu yake), alafu swali linalofuata ni hili: una mashada mangapi yaliyotiwa rangi pamoja, chungu kimoja? Hapo ndio utajua kama umejipanga. Sweta ya mtu mzima inaweza kula mashada matano ama sita ya uzi mnene kidogo, na hata upime rangi kwa mizani ya sonara, chungu cha leo na cha kesho havitoki sawa, kwa hivyo mwenye mashada mawili mawili anauzia watu wa soksi na kofia, mwenye sita sita ndio anauzia watu wa sweta. Rangi yangu niliyoipa jina Chai ya Maziwa iliisha kabla ya saa sita. Ile ya zambarau niliyoipenda mimi mwenyewe nimerudi nayo karibu yote, sijui wana nini na zambarau.

Sasa shida yangu iko hapa. Kwenye meza nilikuwa nimeandika kwamba mimi ni mzaliwa wa Kenya, na kastoma mmoja baada ya mwingine ananiuliza, na sufu nayo ni ya Kenya? Nawaambia hapana, ni ya kondoo wa merino wa Amerika Kusini, imesokotwa kiwandani Peru. Ndio hivyo, sisi wengi wenye biashara ndogo ya rangi hatufugi wala hatusokoti, tunaagiza uzi mweupe ambao haujatiwa rangi, tunaulowesha, tunaweka rangi na siki, tunauchemsha polepole bila kuukoroga sana usije ukashikana kama mkeka, mpaka maji yanabaki safi kabisa kwenye sufuria na rangi yote imeingia kwenye uzi. Jina ni langu, kondoo ni wa wengine.

Mama mmoja mzee, yeye ananunua kwa kuangalia aina ya kondoo kama vile sisi tunavyochagua mbegu ya mahindi, akaniuliza kama kwetu kuna Corriedale. Corriedale! Si hao ndio walikuwa kondoo wa shosho yangu kule Ol Kalou, na nakumbuka vile manyoya yalikuwa yanakatwa na kushindiliwa kwenye gunia pamoja na miba na mavi, broka anakuja anapima kwa kilo anatoa pesa ya chumvi na sabuni, basi. Baadaye boma nyingi zikaingiza Dorper juu ya nyama, na siwalaumu hata kidogo, nyama inalipa, lakini Dorper ana nywele zaidi ya sufu na ukichanganya hizo damu uzi unatoka na vinywele vigumu ambavyo havishiki rangi vizuri na shingoni vinawasha.

Watu wa Uruguay walianza zamani, kule kuna Manos del Uruguay ya ushirika wa akina mama wa mashambani tangu 1968, na uzi wao umejaa kwenye maduka ya huku. Sisi tuna akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers ambao wamesokota sufu kwa miaka mingi kwa hivyo si kwamba mikono hatuna. Kinachotakiwa ni kuacha kufikiria gunia. Manyoya machafu yakioshwa yanaweza kupoteza karibu nusu ya uzito, na mzigo mbichi kutoka nchi yenye ugonjwa wa miguu na midomo una masharti kibao ya kuingia huku, sasa unasafirisha mafuta na mchanga kwa ndege ili iweje? Tenga kondoo wa sufu na wa nyama, usiwapake alama ya lami mgongoni, osha, sokota, funga kwa mashada ya gramu 100, weka lebo yenye aina ya kondoo na mahali alipolelewa. Rangi tuachieni sisi, au itieni wenyewe mkitaka, mkaratusi na maganda ya vitunguu ya kutoa rangi yako kila mahali.

Mhariri, naomba mwandishi wenu mmoja apite huko Laikipia na Nyandarua aulize ni kikundi gani kinaweza kutoa uzi mweupe ulio sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kilo ni pesa ngapi, alafu mchape hapa hapa. Oda ya kwanza mimi niko tayari, kilo kumi, na kama kuna kahawia ya kondoo mwenyewe pia nachukua.

Msomaji wenu,
Maryland, Marekani