Kuleni, wanangu: barua ya wazi kwa wagumu wa Kilimanjaro

Wanangu wagumu, wapagazi wa mlima wetu, shimboni.

Msimu umefunguka. Tangu Juni magari yanapita mbele ya nyumba yangu hapa Machame asubuhi na mapema, mahema na majiko yamefungwa juu, ninyi mmebanana ndani. Nawatazama nikiwa na kikombe changu cha chai, na kila siku najiuliza jambo moja: wangapi kati yenu wamekula?

Nauliza kwa kuwa nawafahamu. Nilipanda mlima huu nikiwa mgumu, baadaye nikawa mpishi, na mpishi huona mengi ambayo wengine hawayaoni. Nimemwona kijana ametoka Moshi na chai ya rangi na andazi moja. Anafika getini, anasubiri mzigo upimwe mpaka mchana, anajitwisha kilo 20 za kampuni na begi lake juu yake, anaingia kambi ya kwanza giza linaanza. Siku nzima andazi moja. Ukimuuliza anakwambia anabana matumizi, shule zinafunguliwa.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kampuni iliyonichukua safari zangu za mwanzo ilitupa mlo mmoja kwa siku, ugali wa jioni. Biskuti na mayai yaliyobaki mezani kwa wageni sikuyala. Niliyafunga kwenye kitambaa niwapelekee watoto. Safari moja, tukiwa katikati ya ukuta wa mwamba wa Barranco, macho yakaingia giza na miguu ikaniacha. Mwenzangu aliyekuwa nyuma akanidaka mkanda wa begi. Mungu ambariki popote alipo. Nilifika nyumbani na biskuti zangu zote. Mama watoto akazipokea, akaziweka mezani, akanitazama mashavu kwa muda mrefu. Akasema, "Baba, watoto hawakukutuma biskuti. Walikuwa wanakusubiri wewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka jikoni. Niliomba kufundishwa upishi ili nihakikishe hakuna kijana atakayepanda na njaa mbele yangu.

Sasa nisikilizeni. Kadiri unavyopanda, hamu ya kula inapungua. Hilo si ugonjwa wa mgeni peke yake, linatupata na sisi tuliozaliwa huku chini ya mlima. Ukisubiri njaa ikuite ndipo ule, utafika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, huna kitu mwilini. Kula kwa saa, si kwa hamu. Asubuhi uji mzito, wa ulezi ukiwepo, utiwe karanga au maziwa ya unga. Njiani uwe na kitu mfukoni: njugu, ndizi mbivu, kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa. Vyote vinapatikana soko la Mbuyuni siku moja kabla, kwa bei ndogo kuliko hizo chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu mnazozipenda. Zile zinakuamsha kwa saa moja, kisha zinakuacha mtupu katikati ya mteremko.

Na maji. Huku juu hewa ni kavu na unahema sana, maji yanakutoka kwa pumzi bila wewe kuona jasho. Angalia mkojo wako. Ukiwa wa rangi ya chai, umeshachelewa. Maji ya mtoni msiyaamini eti kwa sababu ni baridi na yanang'aa. Wapishi, hili ni lenu: yaacheni yatokote dakika tatu kamili. Ikiwa mtu ameanza kuharisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo, na mwongozaji aambiwe mapema. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuizunguka sinia. Nimeona kambi nzima ikilala chooni kwa sababu ya mkono mmoja.

Jambo jingine la wapishi. Pale Barafu, zaidi ya mita 4,600, maji yanachemka yakiwa na joto la nyuzi 85 hivi. Yanatokota kweli, ila hayana moto wa kuivisha maharage. Ndiyo maana yanaliwa magumu na vijana wanakesha na matumbo yaliyojaa gesi. Mimi maharage niliyaivisha nyumbani usiku wa kuamkia safari, na nikayatumia siku mbili za kwanza kabla hayajachacha. Kambi za juu zilikuwa za ugali laini, dagaa, kabichi, na supu ya ndizi. Viazi navyo huiva, ukiwa na subira na ukivikata vidogo.

Najua mnasema nini mkifunua sufuria. "Ugali tena? Dagaa tena?" Kuku wa mgeni ananukia kutoka hema la pili na moyo unalalamika. Kaa kidogo uhesabu mikono iliyokifikisha chakula hicho hapo. Dagaa walivuliwa usiku kwenye Ziwa Victoria, wakaanikwa, wakasafirishwa mpaka Moshi. Unga umebebwa kichwani na mwenzako. Maji je? Pale Barafu hakuna maji kabisa. Aliyekuletea ameyachota bonde la Karanga akayapandisha mgongoni, kisha wewe unakinywa kikombe bila hata kumtazama. Na hao dagaa wanaliwa na mifupa yao. Wanajenga mwili wako vizuri tu kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo semeni aika, yaani asante. Neno hili mlifundishwa kabla ya kutembea, na mtoto wa Kichagga akilisahau mezani bibi yake alikuwa anaiondoa sahani. Semeni aika kwa mpishi, kwa aliyechota maji, kwa Ruwa, Mungu wetu, aliyewaamsha. Wenzetu Waislamu waseme alhamdulillah, na mwezi wa Ramadhani mpishi awawekee daku yao bila kungoja kuombwa. Nimepika miaka mingi na nawaambia kwa moyo wangu wote, siku kijana mmoja aliponirudishia sahani akasema "aika mbe", niliamka kesho yake saa tisa za usiku kupika uji bila kuhisi baridi.

Lakini kushukuru kusiwazibe midomo. Mkipewa mlo mmoja kwa siku, semeni, tena semeni mkiwa bado getini, si mkiwa kambi ya Shira. Mwambieni mwongozaji kwa adabu. Pale Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaoitwa KPAP, na kazi yake ni kusikiliza mambo kama haya. Wazee wenu tulinyamaza tukidhani kunyamaza ndiyo heshima, na wengine tuliwazika.

Mabaki msiyatupe porini wala msiwashe moto wa kuni kupasha kiporo. Mnakumbuka Oktoba 2020 moto ulivyotembea wiki nzima juu ya kambi ya Mandara.

Kuhusu siku ya kushuka nitasema kidogo, maana mama zenu wamesema mengi. Mnafika geti la Mweka, tipu ziko mfukoni, tumbo halina kitu tangu alfajiri, na cha kwanza kinachoingia ni pombe kali. Mwili uliokauka siku sita unapokea moto. Kuleni kwanza. Nyama iwepo, mboga iwepo, maji mengi yawepo, na pesa nusu iwe imeshatumwa nyumbani kabla hujaketi. Na pombe ya kujipasha joto kule kambini muiache kabisa. Inakupa joto la ngozi huku mwili ndani unapoa, na nimemshuhudia kijana akibebwa kwa machela kwa sababu hiyo.

Mama watoto na mimi tumezungumza. Kila Jumamosi ya msimu huu tutainjika sufuria kubwa ya mtori. Mgumu yeyote anayeshuka na kupita barabara ya Machame asimamishe gari. Nyama ziko chini, kama kawaida, kwa hiyo msiwe na haraka ya kuondoka.

Aika mbe.

Mzee wenu, mpishi wa zamani, Machame