Nakala ya Marikiti ikigandia kioo, wino hauna kosa

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia dukani na fremu aliyoifunga kwa leso. Akaiweka juu ya kaunta akasema, "Mwanangu, mmeniuzia kitu kibovu." Nilipoifungua niliitambua: nakala yetu ya mchoro wa Marikiti, soko la Mombasa, enzi za zamani, saizi ya A3. Pale penye mikokoteni palikuwa na doa linang'aa kama mafuta, na angani vidoa vyeusi vya koga.

Alidhani wino umeyeyuka. Wino ulikuwa mzima. Karatasi ndiyo iliyokuwa imegandia kioo.

Hii ni ya tatu tangu masika, na zote zina historia moja. Mteja ananunua nakala peke yake kwa 2,500, anasikia kwamba pamoja na fremu ni 6,800, anaona tunamwibia. Anaipeleka kwa fundi wa bei nafuu. Fundi analaza kioo moja kwa moja juu ya karatasi, anaishika kwa selotepu pande zote nne, anafunga hadibodi nyuma. Siku ya kwanza inapendeza kweli.

Lakini hii ni Mombasa. Hewa ya bahari ina maji mwaka mzima, na kuta za mawe na chokaa za Mji wa Kale hunyonya unyevu na kuutoa. Kioo kikipoa usiku, jasho linafanyika upande wa ndani. Karatasi ya kuchapia picha ina utando juu unaopokea wino. Ukilowa unalainika, ukikauka unashikana na kioo. Ukivuta, picha inabaki kwenye kioo.

Ndiyo maana sisi tunaweka maunti, ile kadi nene iliyokatwa dirisha katikati. Watu hudhani ni urembo. Kazi yake ni kukiweka kioo mbali na karatasi, milimita moja na kitu, hewa ipite. Nakala yenyewe tunaishikilia juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga, kwa sababu karatasi hutanuka wakati wa unyevu. Ukiibana pande zote inajikunja mawimbi. Nyuma, pembe za chini, tunabandika vipira viwili ili fremu isilalie ukuta. Vipira hivyo ni shilingi chache sana, na hakuna mteja aliyewahi kuviona mpaka nimwonyeshe.

Wengine hujaribu njia fupi zaidi. Kijana mmoja alitaka kumpa babake picha hiyo, akaipiga kwa simu kupitia dirisha letu, akajitumia kwa WhatsApp, akaenda kuprinti A2 saiba. WhatsApp kwa kawaida huipunguza picha mpaka kama pikseli 1,600 upande mrefu. Ukizitandaza kwenye upande mrefu wa A2, sentimita 59, unabaki na nukta 68 hivi kwa kila inchi, na sisi tunachapa kwa 300. Uso wa muuza kahawa ukawa vijisanduku vya rangi. Alirudi kununua yetu, kwa hiyo alilipa mara mbili. Mchoraji naye yuko hai, na hupata fungu lake kwa kila nakala tunayouza. Picha ya dirishani haikumpa kitu.

Rangi pia hututoa jasho. Tulipochapa mara ya kwanza, magunia ya ukwaju yalitoka ya waridi. Tulitupa karatasi nne za pamba, tukilinganisha na mchoro wenyewe mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Soko hilo lilifunguliwa 1914, na wapo wazee wanaolikumbuka wakati Digo Road, barabara iliyo karibu nalo, ikiitwa Salim Road. Mmoja alisimama mbele ya picha nusu saa akinionyesha kwa kidole mahali mamake alipokuwa akinunua iliki. Mtu kama huyo siwezi kumpa magunia ya waridi.

Kama yako imefremiwa bila maunti, mulika tochi kutoka ubavuni. Ukiona sehemu iliyolowa au inayong'aa kuliko nyingine, usiivute; ilete na kioo chake. Kama bado haijashika, tunaiwekea maunti kwa 900.

Ya yule mama ilikuwa imeshashika. Nimemchapia nyingine kwa gharama ya karatasi tu, na fremu yake ya mvule, ambayo ni nzuri, tutaitumia. Itakuwa tayari Alhamisi.