Wanafunzi wa kompyuta wafundishwe kuitafuta amri waliyoisahau

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana wanaojifunza Linux, mfumo endeshi wa kompyuta unaotumiwa sana kwa kuandika amri, vyuoni na katika vituo vya kompyuta. Wengi hupewa orodha ndefu ya amri, wakaikariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya wiki mbili hawana hata nusu yake kichwani. Hapo kijana hujiona hana akili ya kazi hii. Anaonewa, kwa sababu alichokosa ni kufundishwa vizuri.

Amri nyingi ni vifupi vya maneno ya Kiingereza. Waliounda Unix, mfumo ambao Linux iliuiga, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walizifupisha kwa kuwa mashine walizokuwa wakichapia zilikuwa nzito na za polepole. Asiyeambiwa kwamba cp imetokana na "copy", au mkdir na "make directory", anabaki anakariri herufi tupu. Tazama amri hii ya kufungasha folda iitwayo Nyaraka ndani ya faili moja, nakala.tar.gz:

tar -czf nakala.tar.gz Nyaraka

Herufi c ni kuunda, z ni kubana, na f inasema "jina la faili linafuata". Ndiyo maana f hukaa mwisho. Ukiandika -cfz, tar itadhani faili linaitwa z. Italiunda kwa jina hilo, kisha italalamika kwamba nakala.tar.gz halipo. Aliyekariri bila maana atakesha akitafuta kosa.

Ipo njia moja ambayo ningependa kila mwalimu aionyeshe siku ya kwanza. Bash, programu inayopokea amri unazoandika na kuzikumbuka, haisomi chochote kilichoandikwa baada ya nafasi na alama ya #. Basi mwanafunzi aongeze hapo maelezo kwa Kiswahili chake:

tar -czf nakala.tar.gz Nyaraka # fungasha folda

Mwezi ujao akiwa amesahau kila kitu, abonyeze Ctrl na R kwa pamoja, aandike "fungasha", na amri nzima itajitokeza. Akibonyeza tena Ctrl na R ataletewa ya zamani zaidi. Kabla ya Enter abonyeze mshale wa kulia, aisome, abadilishe majina ya mafaili.

Kumbukumbu hiyo ya amri zilizopita ina mipaka. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa kawaida huhifadhi mistari 2000 tu kwenye faili la kumbukumbu, na amri inayoanza na nafasi tupu haihifadhiwi kabisa. Ndani ya .bashrc, faili la mipangilio ya Bash, badilisha HISTSIZE (idadi ya amri zinazokumbukwa dirishani) iwe 10000 na HISTFILESIZE (idadi ya mistari kwenye faili) iwe 20000, kisha fungua dirisha jipya. Kubwa zaidi kwetu ni umeme: Bash huandika kumbukumbu kwenye diski pale dirisha linapofungwa, hivyo umeme ukikatika ghafla amri za siku nzima zimepotea. Mstari huu, ukiwekwa mwisho wa .bashrc, huziandika kila baada ya amri:

PROMPT_COMMAND='history -a'

Kwa rm, amri ya kufuta, tahadhari ni lazima, maana faili lililofutwa kwa amri hiyo haliendi kwenye pipa la taka. rm ya zamani iliyoibuliwa kwa Ctrl na R inaweza kufuta vitu kwenye folda nyingine kabisa. Tuseme unataka kufuta mafaili yanayoishia na .tmp: andika pwd ujue uko kwenye folda gani, halafu ls *.tmp uyaone yatakayofutika, ndipo uiite tena kwa mshale wa juu na kuibadilisha ls kuwa rm.

Sisemi kukariri kuachwe kabisa. Amri kumi hivi za kila siku ziingie vidoleni, na zinaingia kwa kujaribu kuziandika bila kuangalia: kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Nyingine zote ziachiwe man, amri inayofungua mwongozo wa amri nyingine, na --help, inayoongezwa baada ya amri ili ijieleze kwa ufupi. Na hapa nawaomba watunga mitihani ya vitendo waruhusu man ifunguliwe chumbani, wampime mtahiniwa kwa faili alilofanikiwa kulifungasha na kulifungua tena.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro