Barua kwa Baba, Marangu

Nagoya, Japani
Julai

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama na wote hapo kihambani. Mimi sijambo. Ile simu ya Januari niliyopiga nalia baridi mpaka ukanicheka, isahau. Sasa huku ni joto, jasho halikauki.

Jumapili nilikwenda bandarini, kwenye jumba wanamofuga viumbe wa baharini. Mna chumba cha pengwini, na taa zake hufuata saa za jua za Antaktika, lile bara la barafu kusini kabisa mwa dunia. Kule Julai ndiyo baridi kali, kwa hiyo nje jua linawaka na ndani ni kama magharibi. Nikamwona pengwini kaizari. Ni ndege, Baba, lakini akisimama ananifika mbavuni. Dume aliyeshiba anakaribia kilo 40, mfuko wa saruji pungufu ya kilo kumi tu.

Nikakukumbuka. Usikasirike, sikufananishi na ndege.

Jike hutaga yai moja, Mei au Juni, baridi ikianza kukaza. Kiota hana, maana huko hakuna jani wala kijiti. Humsukumia mumewe, naye hulipokea juu ya miguu yake na kulifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo. Likibaki kwenye barafu kidogo tu, limekufa. Kisha mama anarudi baharini kula, na baba anasimama na yai siku 65 hivi bila kutia kitu mdomoni. Ukihesabu tangu walipotoka baharini kuja kutafutana, njaa yake inakaribia miezi 4, na mwili unapungua karibu nusu. Wale wanaomcheka Eliya kwa kubeba mtoto mgongoni mkewe akiwa zamu ya usiku, wasomee hapa kwa sauti.

Baridi yenyewe hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na zaidi, na upepo juu yake. Unakumbuka ulivyotusimulia mlivyolala Kibo, huko juu Kilimanjaro, wapagazi wagumu kumi na wawili kwenye hema la watu wanane, na aliyelala mlangoni akidai zamu yake ya katikati? Basi hawa ni hivyo hivyo. Madume mamia, hata maelfu, wanabanana kifua kwa mgongo, kisha kundi zima linasogea hatua fupifupi mpaka wa pembeni wamo ndani. Katikati joto linaweza kufika nyuzi 37, kuliko Moshi mjini Februari! Wengine huchomoka kutafuta hewa. Miguuni damu ya moto inayoshuka huipokeza joto lake ile ya baridi inayopanda, ndiyo maana mwili haupoi. Na barafu ikizidi huegemea visigino na mkia, vidole vikiwa juu. Hilo wagumu hamkuliwaza.

Kifaranga akianguliwa mama hajarudi, baba huyo mwenye njaa humtolea kitu kama maziwa kutoka kooni. Mama akifika hamtafuti mumewe kwa sura, maana wote ni sare. Humjua kwa sauti, kama Mama alivyokutambua kwa kikohozi ungali barabarani.

Jambo moja limenikaa moyoni. Mwishoni mwa 2022, upande wa bahari ya Bellingshausen, hukohuko Antaktika, barafu ilikatika mapema kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kuzuia maji. Katika makundi matano ya pengwini hawa yaliyozalia pale, manne hayakubakiza hata kifaranga kimoja.

Baba, theluji ya Kibo asubuhi, ukiwa pale uani karibu na zizi, siku hizi inaishia wapi? Zamani ulinionyesha kwa kidole, nikiwa mabegani mwako. Mwambie Eliya asimame palepale aipige picha, anitumie.

Hela ya dawa ya mibuni nimeituma jana kwa simu ya Mama.

Mwanao,
Aika